Njia ya Majitu: Siku Tano kwa Miguu Katika Mwambao wa Antrim

Siku ya kwanza: Portrush hadi Portballintrae

Mwambao wa kaskazini wa kaunti ya Antrim, katika Ireland ya Kaskazini, una njia ya waenda kwa miguu yenye urefu wa takriban kilomita 53, inayoanzia Portstewart upande wa magharibi na kuishia Ballycastle upande wa mashariki. Mimi sikuianzia mwanzo. Treni ilinishusha Portrush asubuhi, nami sikuona sababu ya kurudi nyuma kilomita kadhaa kwa ajili ya kukamilisha hesabu tu, maana jiwe la kwanza nililolikusudia lilikuwa papo hapo mjini, kando ya bahari, mahali ambapo watu hupita na mbwa wao bila hata kuinama.

Ni mwamba mweusi, mgumu, uliolala ufukweni kwa mapande mapana, na anayepiga magoti maji yakiwa yamepwa huona juu yake alama za mviringo zilizojikunja kama kamba iliyopangwa duara sitahani mwa jahazi. Hizo ni amonaiti, wanyama wa baharini wenye makombe waliokwisha kutoweka duniani. Nilimwekea mmoja kidole cha shahada: kidole kilifunika nusu yake, na mbavu za duara lake niliweza kuzihesabu kwa ncha ya ukucha.

Mwamba huu uliwahi kuwagombanisha wasomi. Mwishoni mwa karne ya 18, wafuasi wa Mjerumani Abraham Gottlob Werner walishikilia kwamba basalti, mwamba mweusi mgumu unaofanana na huu, iliganda kutoka kwenye maji ya bahari ya kale, ilhali wapinzani wao walisema kuwa ilitokana na moto wa volkeno. Kasisi mmoja aliyeitwa William Richardson alilitwaa jiwe la Portrush kuwa ushahidi wa upande wa maji, akiuliza, kama basalti ni mwamba ulioyeyuka kwa moto, hawa viumbe wa baharini waliingiaje ndani yake wasiungue? Swali lilikuwa zuri, ila jiwe lenyewe halikuwa basalti. Lilikuwa tope la bahari la kipindi cha Jurasiki, zama za dinosaria, ambalo baadaye lilipenyezewa na mwamba wa moto kutoka chini, likaokwa mpaka likawa jeusi na gumu kiasi cha kumhadaa mtu aliyesoma.

Nilianza na jiwe hili makusudi, ingawa halina ngano yoyote. Nilikuwa nimekuja kuyaona mawe ambayo watu wa zamani waliyatungia hadithi za majitu, na nilitaka kujikumbusha mapema kwamba hata wenye vitabu hutazama jiwe wakaona kile walichokuja kukitafuta.

Kutoka mjini nilishika ufuko mrefu wa mchanga kuelekea mashariki, upepo ukiwa mgongoni, hadi mahali paitwapo White Rocks, ambapo weusi wa Portrush unakoma na kuta nyeupe za chokaa zinainuka ghafla. Chokaa hii imeundwa kwa maganda ya viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, yaliyotua chini ya bahari ya kipindi cha Kretasia, kilichofuata Jurasiki, na ni ngumu kuliko chaki ya kusini mwa Uingereza, kwa kuwa ilibanwa na uzito wa lava, mwamba wa volkeno ulioyeyuka, iliyomwagika juu yake baadaye. Bahari imeichimba mapango, matao na mahandaki. Lipo tao ambalo watu huliendea kuomba matakwa yao, na upo mwamba uitwao Tembo.

Tembo huyo alinishughulisha kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilipomkaribia sikumwona kabisa. Niliona tao tu, na mguu wa jiwe ulioshuka majini. Nikarudi nyuma, nikasogea kushoto, nikapanda mchanga kidogo, na ghafla mguu ule ukawa mkonga, na ukuta wote nyuma yake ukawa kichwa kilichoinama kunywa. Nikapiga hatua kumi zaidi, akatoweka. Jina la jiwe, kumbe, si la jiwe peke yake, bali pia ni la mahali fulani pa kusimama. Aliyelipa jina alisimama hapo kwanza, na kila anayelikubali jina hilo amesimama mahali hapo baada yake. Nililiandika jambo hili katika daftari, na lilinifaa siku zote zilizofuata.

Jioni nilifika Dunluce, magofu ya ngome iliyojengwa juu ya jabali la basalti lililotengwa na nchi kavu kwa korongo lenye daraja. Ilikuwa makao ya ukoo wa MacDonnell. Hadithi inayosimuliwa hapa ni kwamba usiku mmoja wa dhoruba, mnamo mwaka 1639, jiko la ngome liliporomoka baharini pamoja na wapishi wote, asinusurike ila kijana mmoja aliyekuwa ameketi pembeni, na kwamba bibi wa nyumba alikataa kulala tena humo. Nilikwenda kulitafuta jiko nikalikuta lipo, tanuri lake na mahali pake pa moto vikionekana wazi. Ukuta uliotumbukia ni wa upande wa kaskazini, na ulianguka katika karne ya 18, wakati ngome ilikwisha kuhamwa. Hata hivyo, ukisimama ukingoni hapo na kusikia mawimbi yakigonga ndani ya pango lililoko chini kabisa ya jabali, pango waliloliita la nguva, huhitaji kuambiwa kwa nini watu waliamini kwamba nyumba hii ingeanguka. Walikosea mwaka na chumba, lakini kuhusu jabali walisema kweli.

Nililala Portballintrae, viatu vikiwa vimejaa mchanga.

Siku ya pili: Giant's Causeway

Niliondoka alfajiri ili niwatangulie watu wa mabasi. Njia ya miguu inapita juu ya machuguu ya mchanga, inavuka mto kwa daraja dogo, kisha inapanda hadi penye jengo la wageni la National Trust, shirika linalotunza eneo hili tangu mwaka 1961. Huduma za jengo hulipiwa, ila kupita kwa miguu hadi kwenye mawe ni bure, na saa ile mlango ulikuwa bado umefungwa. UNESCO iliiweka Giant's Causeway, yaani Njia ya Jitu, pwani ya nguzo za basalti zilizosimama bega kwa bega, katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986.

Nilikuwa nimeona picha nyingi mno za mahali hapa, na niliogopa kwamba picha zingekuwa zimekwisha kula utamu wote. Kwa mbali, hofu yangu ilithibitika: ni ulimi mdogo mweusi uliotoka chini ya mlima ukaingia baharini, mdogo kuliko nilivyouwazia. Nilisimama juu ya kilima nikajisemea kwamba nimeifuata sifa. Kisha nikashuka, nikaweka mguu juu ya nguzo ya kwanza, na baada ya hapo sikutoka mpaka jua lilipotua.

Nguzo ni takriban 40,000. Nyingi zina pande sita, lakini zipo za pande nne, tano, saba na nane, na zote zimebanana kiasi kwamba wembe haupiti baadhi ya maungio. Nilichagua moja, nikapiga magoti. Upana wake ulinitosha kuketi. Juu yake palikuwa na kishimo kama cha kinu kilichochakaa, kimejaa maji ya chumvi, na ndani yake konokono mdogo wa kijivu alikuwa akizunguka ukingo kwa ukingo. Nguzo ya jirani, badala ya kishimo, ilikuwa na kivimbe. Ndipo nilipoelewa kwamba kila nguzo imekatika kwa upana katika vipande vilivyopangana kimoja juu ya kingine, kivimbe cha kimoja kikiingia katika kishimo cha chenzake, kama mifupa ya kiungo. Mtu aliyesema kwamba zilipangwa kwa mkono hakuwa mjinga. Mawe ya kawaida hayana tabia hii.

Chanzo chake ni rahisi kukieleza kuliko kukiamini. Kiasi cha miaka milioni 60 iliyopita, wakati Atlantiki ya Kaskazini ilipokuwa ikifunguka, lava ilimwagika katika nchi hii kwa vipindi, na mmojawapo wa mikondo yake ulijaa katika bonde ukatulia kama maji bwawani. Ulipopoa ulisinyaa, na kitu kinachosinyaa hali kimeshikana sharti kipasuke, kama tope linavyopasuka kidimbwi kikikauka. Nyufa zilianzia kwenye uso uliopoa kwanza, zikakutana kwa pembe zinazokaribia kulingana, zikashuka taratibu kuelekea ndani kadiri joto lilivyorudi nyuma. Umbo la pande sita ndilo linalogawanya mvutano huo kwa nyufa chache zaidi, na kwa kuwa lava haikupoa sawasawa kila mahali, pakawepo zenye upungufu na zenye ziada.

Ngano nayo inasema hivi. Fionn mac Cumhaill, jitu la Ireland, alitukanwa na Benandonner, jitu la Uskoti, akajenga njia ya mawe juu ya bahari ili waonane uso kwa uso. Lakini alipomwona mwenzake kwa mbali, akatambua kuwa yule ni pandikizi kumzidi yeye mara nyingi, akarudi nyumbani mbio. Mkewe, Oonagh, alimvika nguo za kitoto akamlaza kitandani. Benandonner alipofika mlangoni akaonyeshwa “mtoto”, akapiga hesabu ya ukubwa wa baba wa mtoto wa namna ile, akakimbia kurudi kwao huku akiing'oa njia nyuma yake ili asifuatwe. Sungura wetu wa hadithi angemwamkia Oonagh kwa heshima zote. Jina la mahali kwa Kiayalandi, Clochán na bhFómhórach, linawataja Wafomori, watu wa ajabu wa ngano za kale zaidi, kwa hiyo huenda Fionn mwenyewe ni mpangaji tu katika nyumba iliyokuwa na wenyewe.

Hapa ndipo pa kulitazama jambo kwa makini. Ngano hii haikutungwa kueleza nguzo pekee. Inaeleza kwa nini nguzo zinaingia baharini na kukatika, na kwa nini ng'ambo, katika kisiwa cha Staffa huko Uskoti, kuna nguzo za namna hiyo hiyo zinazotokeza majini. Joseph Banks alipokwenda Staffa mwaka 1772 na kuitangaza kwa wasomi, pango lake lilijulikana kwa jina la Fingal, yaani Fionn huyo huyo katika kinywa cha Waskoti. Wavuvi waliovuka mlango ule wa bahari walikuwa wameona kwamba pwani mbili zimetengenezwa kwa kazi moja. Mkondo wa lava wa Staffa si huu wa Antrim, lakini ni wa zama zile zile za volkeno na wa chanzo kile kile, kwa hiyo waliosema kwamba jambo moja lilifanyika pande zote mbili hawakukosea.

Wasomi nao walifika kwa njia ya ajabu. Mnamo mwaka 1739 hivi, mchoraji aliyeitwa Susanna Drury alikaa hapa akazichora nguzo kwa usahihi mkubwa, na picha zake zikatuzwa Dublin mwaka 1740, kisha zikachapishwa na kusambaa Ulaya. Mfaransa Nicolas Desmarest, aliyekuwa ameziona nguzo za basalti katika nchi ya volkeno zilizozimika ya Auvergne, alizilinganisha na picha hizo, akatamka kwamba mawe ya Antrim nayo ni ya moto. Kazi ya mwanamke aliyeketi na brashi akihesabu pande za kila nguzo ndiyo iliyompa hoja. Nilijaribu kuchora nguzo tatu katika daftari langu. Ilinichukua karibu saa nzima, na ya tatu haikufanana na kitu.

Mchana watu walifurika. Niliwafuata wachache hadi katika ghuba ya Port Noffer, kulikolala Kiatu cha Jitu, bonge la basalti lenye kisigino na shingo, ambalo waongoza wageni hulitania kuwa ni namba 93 na nusu. Watoto hukaa ndani yake. Mbele kidogo, ubavuni mwa mlima, zimesimama nguzo ndefu zaidi, zipatazo mita 12, zimepangika kama mabomba ya kinanda cha kanisani, na kwa kweli huitwa Kinanda. Ngamia wa Fionn, aliyelala upande wa pili, ni ukuta wa mwamba uliopenya katika ufa wakati wa volkeno na kubaki baada ya kilichouzunguka kuliwa na maji. Yeye haonekani vizuri ila ukiwa mbali. Bibi yake Fionn, aliyegeuzwa jiwe, anaonekana akipanda mlima amejiinamia, na huyo nilimtambua bila kuonyeshwa, kwa jinsi mgongo ulivyopinda.

Nililolipenda kuliko yote halina umaarufu. Katikati ya genge hupita mkanda mwekundu, udongo uliotokana na basalti ya kwanza baada ya kuoza kwa muda mrefu chini ya jua na mvua za hali ya hewa ya joto, kabla lava ya pili haijamwagika. Ndani ya wekundu huo yamebaki mabonge ya duara, yenye maganda juu ya maganda kama kitunguu, kila moja likiwa na kiini cheusi. Watu huyaita Macho ya Jitu. Unapita chini yake, nayo yanakutazama.

La kusikitisha ni sarafu. Wageni wamezoea kuzipachika katika nyufa za nguzo kwa kutafuta bahati, na nilipoinama niliona ufa mmoja uliosheheni senti zilizopindana, jiwe la pembeni likiwa limebanduka gamba na kuchuruzika michirizi ya rangi ya kutu. Madini yakishika kutu huvimba, na uvimbe huo hulipasua jiwe. Nguzo iliyostahimili Atlantiki kwa zama zote hizo inavunjwa na kitu kisichonunua hata peremende.

Siku ya tatu: Juu ya genge hadi White Park Bay

Nilipanda Ngazi za Mchungaji, ambazo ni 162, na niliacha kuzihesabu nilipozidi 100. Njia ya chini inafungwa mbele kidogo ya Kinanda kwa sababu genge linaporomoka, hivyo mwendo wote wa asubuhi ulikuwa juu kabisa, shakwe wakiruka chini ya miguu yangu. Huko zinaonekana nguzo chache zilizobaki peke yake kileleni mwa rasi, genge lililozizunguka likiwa limekwisha kuanguka. Watu huziita Mabomba ya Moshi, na wasimulizi husema kwamba meli ya Wahispania ilizipiga mizinga usiku ikidhani ni ngome ya Dunluce.

Meli yenyewe haikuwa ngano. Iliitwa Girona, mojawapo ya meli za Armada ya Hispania, kundi la meli za vita lililotumwa kuishambulia Uingereza, na mwishoni mwa Oktoba 1588 ilikuwa imebeba takriban watu 1,300, wengi wao wakiwa manusura wa meli nyingine zilizokwisha vunjika. Dhoruba iliitupa kwenye mwamba wa Lacada, chini ya mahali nilipokuwa nimesimama. Waliopona ni wachache sana. Karibu karne nne zilipita bila ya mtu kujua kwa hakika meli ililala wapi, na wanahistoria waliitafuta kwingine. Mpiga mbizi wa Ubelgiji, Robert Sténuit, alizingatia kile kilichokuwa wazi ramanini: ghuba ndogo ya hapa huitwa Port na Spaniagh, bandari ya Wahispania, na pembeni yake kuna mwamba na pango vyenye jina hilo hilo. Mwaka 1967 alizama akaikuta.

Vitu alivyovitoa vipo katika Jumba la Makumbusho la Ulster mjini Belfast, na nilikuwa nimeviona kabla ya kuja huku. Kimojawapo ni kidani cha dhahabu cha umbo la salamanda, mnyama afananaye na mjusi, chenye mabawa na vito vya yakuti mgongoni, kidogo kama mjusi kafiri. Salamanda waliaminika kuwa hawaungui motoni, na baharia aliyekivaa bila shaka aliogopa moto kuliko kitu kingine ndani ya meli ya mbao. Nilikaa juu ya majani nikayatazama maji ya chini. Yalikuwa ya kijani, yametulia, na jiwe la Lacada lilionekana kama kitu cha kuegemea.

Baada ya Dunseverick, lenye vibaki viwili tu vya ukuta wa ngome, njia inashuka baharini na wakati mmoja inapita ndani ya tundu la mwamba, kama mlango usio na nyumba. Nilifika kijiji kidogo cha Portbraddan nikiwa na furaha, na hapo nikakwama. Ukingo wa magharibi wa White Park Bay hupitika maji yakiwa yamepwa tu, kwa kurukaruka juu ya mawe chini ya genge la chokaa. Nami nilikuwa nimelisoma jedwali la maji kwa uangalifu, ila sikuona kwamba saa zake hazikuongezwa ile saa moja ya majira ya joto. Ilikuwa bamvua, na mawimbi yalikuwa yakilamba ukuta. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mashua yake alinitazama, akautazama mkoba wangu, akasema neno moja: “Subiri.” Nilisubiri zaidi ya saa mbili.

Muda huo haukupotea. Katika chokaa iliyoanguka nilikuta vijiwe vyembamba, virefu kama kidole cha mtoto, vimechongoka upande mmoja, vina rangi ya asali ukivielekeza kwenye jua. Ni belemnaiti, mifupa ya ndani ya wanyama wa jamii ya ngisi wa kale. Zamani katika nchi nyingi za Ulaya watu waliamini kuwa ni mishale ya radi, kwa maana mvua kubwa ya ngurumo huviosha vikaonekana juu ya udongo asubuhi yake. Nakiri kwamba kama ningekuwa mkulima, nami ningekubali. Jana havikuwapo, usiku palikuwa na radi, leo vipo. Pembeni yake palikuwa na mabonge ya gumegume, jiwe ambalo watu wa kale walilichonga kuwa visu, nje jeupe na ndani jeusi.

Maji yalipopwa nilivuka nikiwa nimeshika ukuta kwa mkono mmoja. Ufukweni walikuwapo ng'ombe, wamelala mchangani.

Siku ya nne: Carrick-a-Rede na Ballycastle

Upepo uligeuka usiku na kuvuma kwa nguvu. Ballintoy ina bandari ndogo iliyozungukwa na visiki vya basalti vilivyochomoza majini kama meno, lakini nisingeweza kusimama wima kuvitazama, na nilipofika Carrick-a-Rede nikakuta daraja la kamba limefungwa, kama inavyopasa katika upepo wa namna ile. Daraja hilo lina urefu wa mita 20, na liko mita 30 juu ya maji. Wavuvi wa samoni walikuwa wakivusha kamba hapo tangu mwaka 1755, kwa sababu kisiwa hicho kidogo, ambacho ni shina la volkeno ya kale, kimekaa katika njia ya samaki hao, na waliolazimika kukizunguka waliingia nyavuni. Jina lake lenyewe huelezwa kuwa mwamba ulio njiani. Samaki wamepungua na uvuvi huo umekoma, daraja limebaki kwa ajili ya wanaotaka kuogopa kidogo.

Sehemu iliyobaki hadi Ballycastle hupita barabarani na haina la kusimuliwa. Mjini, karibu na maji, kuna sanamu ya batamaji wanne. Hao ni watoto wa Lir, ambao mama yao wa kambo, Aoife, aliwageuza ndege na kuwapangia miaka 900 ya uhamisho, 300 kati yake katika mlango huu wa bahari uitwao Moyle, unaotenganisha Ireland na Uskoti. Katika usiku mmoja wa dhoruba walitawanyika, wakaagana kukutana penye Carraig na Rón, mwamba wa sili, na baridi ilipokuwa kali, miguu na manyoya yao viliganda juu ya jiwe, wakaacha ngozi walipojibandua. Fionnuala, dada mkubwa, aliwafunika wadogo zake watatu kwa mabawa na kifua. Nilikuwa nimesoma hadithi hiyo mara kadhaa kama hadithi ya huzuni. Nikiwa nimesimama kando ya Moyle, macho yakinitoka machozi kwa upepo, niliisoma upya kama taarifa ya hali ya hewa.

Siku ya tano: Fair Head

Njia rasmi imekwisha Ballycastle. Mimi niliendelea mashariki mpaka Fair Head, genge linalofikia mita 196, kwa kuwa nilitaka kuziona nguzo zilizo kubwa kabisa za mwambao huu. Hazikutokana na lava iliyomwagika juu ya ardhi. Ni mwamba ulioyeyuka uliojipenyeza chini kwa chini kati ya matabaka ya zamani, ukapoa polepole, na kwa sababu ya upole huo nyufa zake zikawa mbali mbali, zikazaa nguzo nene kama minara. Upepo ulikuwa umelala. Kisiwa cha Rathlin kilikuwa mbele yangu, kuta zake zikiwa nyeupe chini na nyeusi juu, chokaa na basalti kama zile nilizozipita siku ya kwanza, na kulia kwake, takriban kilomita 20 kutoka pwani hii, ardhi ya Uskoti ilionekana wazi kiasi cha kuhesabu mashamba. Kwa macho ya hapa, kujenga njia ya mawe hadi kule ni kazi ya majuma machache kwa jitu lenye hasira.

Katika genge hilo kuna korongo jembamba liitwalo Njia ya Mtu wa Kijivu. Linashuka kati ya kuta mbili za nguzo kuelekea chini yalikojazana mawe yaliyoporomoka, na juu ya mdomo wake nguzo moja ndefu imeanguka ikakwama, imelala kutoka ukuta hadi ukuta kama boriti. Mtu wa Kijivu, Fear Liath kwa Kiayalandi, ni kivuli kirefu kilichovaa joho, kinachotoka baharini na kupanda kwa korongo hilo. Nilifika hapo saa kumi alasiri. Nilikusudia kushuka hadi chini, nikaweka mkoba, nikakaza kamba za viatu.

Nilipoinua kichwa, Rathlin haikuwapo. Ukungu ulikuwa umekuja juu ya maji bila ya sauti. Ulifika kwenye genge ukasimama kwa kitambo, kwa kuwa ukuta uliuzuia kotekote, isipokuwa mahali pamoja penye upenyo. Hapo ulianza kuingia. Ulipanda korongo taratibu, mwembamba, mrefu, ukijikusanya kati ya zile kuta mbili kwa upana wa mabega ya mtu, na ulipofika chini ya ile nguzo iliyolala uliinama kidogo kupita, ukatoka upande wangu ukainuka tena. Mawe yalipata unyevu mara moja. Nilichukua mkoba, nikajisogeza kando ya njia, nikaupisha.